Kava ya simu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wiki jana mama mmoja anayeuza samaki wakavu hapa sokoni Arua, Uganda, alifungua fundo la kitenge akanitolea Tecno yake. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia pembe ya chini, nyufa zimepanda mpaka juu kama mizizi. Kava ilikuwa nzima: plastiki ngumu yenye maua mekundu, haina hata mkwaruzo. "Mwanangu, si nilinunua kava?" akaniuliza. Alinunua kweli. Lakini pembe zote nne za kava ile zilikuwa zimekatwa wazi ili ivalike kirahisi, na simu ilitua kwa pembe.

Mimi ni fundi simu, na vioo ndiyo kazi inayonijia zaidi kuliko zote. Kwa simu za bei ya chini, kioo kipya pamoja na kazi vinaweza kukaribia nusu ya bei ya simu yenyewe. Ndiyo maana nasema kava inunuliwe kwa kuangalia pembe na ukingo kwanza. Rangi ije baadaye.

Ukifika dukani, fanya majaribio mawili kabla ya kutoa pesa. Bonyeza pembe ya kava kwa kidole gumba: iwe nene kuliko ubavu, ibonyee kidogo, irudi. Kisha ivalishe simu na uilaze kifudifudi juu ya kaunta. Kunja risiti mara mbili uipitishe chini ya kioo. Ikipita bila kukwama, ukingo umeinuka vya kutosha. Ikikwama, siku simu itakapoangukia kifudifudi kwenye saruji, kioo ndicho kitakachogonga. Fanya jaribio hili protekta ikiwa tayari imebandikwa, kwa sababu protekta ya glasi ina unene wake na inaupunguza ukingo uliokuwa unautegemea. Watu wengi hununua kava leo na protekta kesho, halafu kava inaisukuma protekta kando mpaka inabanduka.

Nafasi ya kwanza naipa kava ya raba laini, ile wauzaji wengine wanayoiita TPU, yenye pembe zilizovimba kwa mfuko mdogo wa hewa. Si ghali. Mimi mwenyewe nimelipa shilingi 10,000 kwa moja, na ndiyo iliyo kwenye simu yangu sasa. Raba inapobonyea, pigo linachukua muda mrefu kidogo kufika kwenye glasi, na muda huo mfupi ndio unaookoa kioo. Tatizo lake ni rangi. Ile inayoonyesha mgongo wa simu itageuka manjano, kwani mwanga wa jua, joto na jasho la mkono vinaibadilisha raba yenyewe. Ule si uchafu, na hakuna sabuni itakayoutoa. Kama manjano yanakuudhi, chukua nyeusi.

Ya pili ni kava ya tabaka mbili, raba ndani na plastiki ngumu nje. Hii ni ya dereva wa boda, mjenzi, na mtu anayepakia malori ya kwenda Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo. Inastahimili kweli, lakini ni nzito na inahifadhi joto. Simu ikipata moto inapochajiwa, ivue kava, maana hakuna kinachozeesha betri ya lithiamu haraka kama joto. Usishtuke pia ukiona boksi limeandikwa kwamba kava imepita kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810. Kipimo kipo, na jaribio lake linalotajwa sana ni kuangusha kifaa mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122. Ila mara nyingi sakafu ya jaribio ni mbao, na hakuna ofisi inayopita kukagua nani ameandika nini kwenye boksi lake. Kokoto za barabara ya Adumi si mbao. Pima kwa kidole gumba.

Ya tatu ni kava ya kufunika, ile inayofunguka kama kitabu. Kwa wazee na wafanyabiashara wa sokoni ningeipandisha hata ikawa ya kwanza, kwa sababu simu inayokaa mfukoni pamoja na funguo na sarafu hukwaruzika kabla haijaanguka. Tafuta yenye sumaku inayoshika vizuri, la sivyo inafunguka hewani simu ikianguka na kioo kinabaki uchi. Watu huweka humo kitambulisho cha taifa na noti mbili tatu. Hiyo ni sawa, ingawa ukiibiwa simu vyote vinaondoka pamoja. Kadi ya benki yenye mstari mweusi nyuma usiiweke karibu na sumaku, mstari ule unaweza kufutika. Laini ya simu haidhuriki.

Ya nne ni silikoni nene ya rangi rangi. Inashika vizuri mkononi, na hilo si dogo, kwani simu isiyoteleza haianguki. Lakini inavuta vumbi, na anayeijua Arua ya Januari anajua ninachosema. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko glasi. Zikiingia kati ya kava na simu zinasaga mgongo na vioo vya kamera polepole, na mwenye simu anakuja kushangaa siku ya kuiuza. Kava yoyote ile, ivue kila wiki, ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Plastiki ngumu nyembamba, kama ya yule mama, naiweka chini kabisa. Stika za mgongoni ziko karibu nayo: zinazuia mikwaruzo na zinapendeza, ila zikianguka na simu hazisaidii chochote. Wenye simu zenye mgongo wa glasi wanaopenda wembamba wazibandike, mradi wajue wamenunua nini.

Hakikisha pia jina kamili la simu. Spark 10, Spark 10C na Spark 10 Pro ni simu tatu tofauti, na muuzaji mwenye haraka atakwambia "inaingia tu". Fungua mipangilio, soma sehemu ya kuhusu simu, umwonyeshe. Kava isiyo yake hubonyeza vitufe vya pembeni au hufunika nusu ya kamera. Na ile alama 9H kwenye protekta inatoka kwenye kipimo cha penseli, yaani penseli ngumu ya 9H haiikwaruzi. Mchanga utaikwaruza. Protekta ni ya kupasuka badala ya kioo chako, kwa hiyo ikipasuka ibadilishe upesi.

Kwa tableti ya mtoto sina mjadala: kava ya sponji nene yenye mpini mkubwa ambao ukikunjwa unakuwa stendi. Ni kubwa, haipendezi, na inafanya kazi. Tableti ni nzito kuliko simu, kioo chake ni kipana, na mtoto huibeba kwa mkono mmoja. Ya mtu mzima, ile ya kukunjwa mara tatu inatosha kwa kusoma na kwa mikutano ya video, lakini angalia pembe zake vilevile.

Stendi ya mezani chagua nzito, yenye raba chini na tundu la kupitisha waya wa chaji. Dada mmoja jirani yangu huuza vitenge mubashara mtandaoni. Stendi yake ya kwanza ilikuwa nyepesi, na kila akivuta kitambaa simu ililala chali mbele ya wateja. Ya pili ni ya chuma na haijaanguka hata mara moja.

Wa boda, stendi ya usukani ndiyo niwaombe muifikirie sana. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mitambo midogo inayotuliza picha ndani ya kamera ya iPhone, na hata kwa injini ndogo ikashauri stendi yenye kizuia mtetemo. Kwa hiyo nunua yenye raba kwenye viungo, inayoshika pembe zote nne na si mbavu mbili tu. Mvua ikianza, simu iingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa kubana mdomo. Ukifika stendi ya boda, iteremshe usukanini, usiiache juani ukingoja abiria.