Biodizeli ya mafuta ya chipsi kwenye Canter yangu: sinunui tena, labda kwa mtu mwingine

Sina ugomvi na mafuta ya mimea. Ugomvi wangu ni na kijana aliyeniuzia, ingawa kwa hasira nilizo nazo leo ni vigumu kuwatenganisha hao wawili. Canter yangu hubeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha, na kwa miezi kadhaa tumekuwa tukichanganya dizeli ya sheli na biodizeli inayotengenezwa mjini kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na kuku. Mwanzoni nilifurahi kupita kiasi: injini ilitulia, moshi mweusi wa kupandia mlima wa Mto wa Mbu ulipungua, na nyuma ya gari kulinukia kibanda cha chipsi. Niliwasifia wafanyabiashara wenzangu mafuta hayo bila kulipwa na mtu, jambo ambalo leo linaniuma kuliko bei ya filta.

Alfajiri moja ya msimu wa baridi gari lilizima Rhotia, likiwa limejaa magunia. Dereva alipiga pampu ya mkono mpaka akachoka. Injini inawaka, inakohoa kidogo, inazima tena. Nilipompigia simu muuzaji alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini kwamba mafuta mengi ya kukaangia yana asili ya mawese, hayapendi baridi, basi nisubiri jua. Hilo la mawese ni kweli, kwa kuwa biodizeli yake huganda mapema kuliko ile ya alizeti, nami nikasubiri. Jua likatoka, fundi akafika kwa pikipiki kutoka Karatu, akaipasua filta na kunionyesha karatasi ya ndani iliyopakwa ute mweupe, mzito kama samli. Aliianika juu ya jiwe mpaka bati lake likawa halishikiki. Mafuta yaliyoganda yangeyeyuka. Ule ute haukutikisika.

Ndipo akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akatia maji nusu na mafuta yetu nusu, akatikisa kwa nguvu, kisha akaiweka chini tuitazame. Biodizeli iliyooshwa vizuri hujitenga na maji baada ya muda mfupi na kukaa juu ikiwa safi, lakini yetu iliacha katikati tabaka nene jeupe ambalo halikuondoka mpaka tulipomaliza kunywa chai. Ilikuwa sabuni. Mafuta ya kula ni mazito, yaani magumu kutiririka, takribani mara kumi kuliko dizeli, na ndiyo maana huchanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) pamoja na kostiki soda ili gliserini, kimiminika kizito kilichomo ndani yake, itoke, takribani kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta. Kisha kinachobaki huoshwa kwa maji na kukaushwa. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa na asidi zaidi, hivyo yakikutana na kostiki soda hutoa sabuni zaidi na kuhitaji kuoshwa kwa uangalifu zaidi. Kazi hiyo inataka muda, na muda ndio kijana wetu alioukwepa.

Nilimfuata na ile chupa mkononi. Yeye aliyekuwa akiniamkia shikamoo kila nilipoleta pesa, siku hiyo hakuniamkia. Alisema mbele ya wateja: "Mama, wewe shughulika na vitunguu, kemia tuachie sisi tuliosoma." Kisha akanihadithia kwamba hata Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini ya dizeli, alitumia mafuta ya karanga. Ni kweli kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, lakini sikuambiwa kwamba karanga hizo zilikuwa na sabuni, wala injini ya Paris haikuwa na nozeli za Canter, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, ambazo tundu zake huzioni vizuri hata ukizishika mkononi. Chupa hakuitazama. Fedha hajarudisha, na sasa simu yangu haipokei.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wenye magari waikimbie biodizeli. Sasa naona siwezi kusema hivyo kwa haki, maana fundi aliipima pampu yangu akaikuta nzima, na zile dumu za mwanzo zilifanya kazi ambayo dizeli peke yake haijawahi kunifanyia. Akitokea mtu anayeosha mafuta yake na kukubali kutikisa chupa mbele yangu kabla sijatoa hela, nitanunua, tena nitachanganya asilimia 20 tu na kubeba filta ya akiba. Kwa yule kijana, hata akinipa bure sichukui. Zimebaki dumu mbili stoo. Mwenye kutaka kuondolea grisi kwenye chasisi aje azichukue, kwa kazi hiyo zinafaa sana.