Darasa la jioni la semantiki (taaluma ya maana za maneno), Tanga mjini

Vipindi ni 4, na cha kwanza pekee kinastahili ada. Mwalimu anaweka mezani mpunga, mchele na wali, kisha kila neno linajaziwa kwenye jedwali alama, yaani sifa za maana yake: mpunga una ganda na haujapikwa, mchele hauna ganda, haujapikwa, wali hauna ganda na umepikwa. Alama 2 zinatosha kutenganisha maneno 3. Wengi hukosea kwa kuongeza rangi au bei, alama zisizotenganisha chochote, na jedwali linavimba bure.

“Paa” nalo linapewa haki yake. Paa la nyumba, paa wa porini na kupaa samaki ni maneno tofauti yenye umbo moja, kwa hiyo kila moja linaingia kwenye kamusi peke yake.

Kipindi cha tatu, cha nadharia ya mwanasaikolojia Eleanor Rosch ya miaka ya 1970, kwamba katika kundi wapo walio mfano bora kuliko wengine, kinapitishwa haraka mno, na inasikitisha. Wanafunzi wanaambiwa njiwa ni mfano bora wa ndege kuliko mbuni, basi. Walipaswa kuonyeshwa pia alama ya “kuruka” inavyovunjika: mbuni haruki na ni ndege, popo anaruka na si ndege.

Cha nne ni marudio tu. Njoo na daftari la kuchora majedwali.