Mkusanyo wa vitufe vya redio unaopendeza macho na kuisahau kibodi

Kwa wiki mbili nimeutumia mkusanyo wa mitindo ya fomu za kurasa za wavuti (iliyoandikwa kwa CSS, lugha inayoamua sura ya ukurasa) unaouzwa mtandaoni, ambao sitautaja jina, na nilichokihitaji hasa ni vitufe vya redio, yaani vile viduara ambavyo ukichagua kimoja kingine hujifuta, kama ilivyokuwa kwa vitufe vya redio za zamani za magari vilivyovipa jina hilo.

Kwa macho, kazi ni safi. Kidoa cha ndani hukua taratibu kinapochaguliwa, rangi zinapatana, na ukubwa hufuata maandishi kwa sababu vipimo vimeandikwa kwa em, kipimo kinachotegemea ukubwa wa herufi, badala ya pikseli.

Kasoro ilijitokeza nilipoweka kipanya kando. Nilibonyeza Tab nifike kwenye chaguo la kwanza, nikajikuta nimerukia kitufe cha kutuma fomu. Waundaji wamekificha kitufe halisi cha HTML, lugha inayounda ukurasa wenyewe, kwa display: none, amri ya CSS inayokiondoa kabisa, kisha wakachora cha bandia kando ya lebo. Kitu kilichofichwa namna hiyo hakifikiwi na kibodi wala hakitajwi na kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kilichopo, hivyo asiyeona hana njia ya kulijibu swali aliloulizwa. Kosa hili linaudhi zaidi kwa kuwa halikuwa na ulazima wowote: kwa appearance: none, kitufe halisi chenyewe huvuliwa sura yake ya asili, duara la nje likachorwa kwa border, yaani mpaka wake, na la ndani kwa ::before, kipande cha ziada kinachochorwa kwa CSS, ambalo huonyeshwa pale tu :checked, yaani hali ya kuchaguliwa, inapotimia, huku mishale ya kibodi ikiendelea kuhamisha chaguo mradi vitufe vyote vya kundi vina name moja, yaani jina lilelile katika HTML.

Niliiandika upya sehemu hiyo, nikaongeza outline, mstari wa kukizunguka kitufe, chini ya :focus-visible, hali ya kitufe kilichofikiwa kwa kibodi, kwani bila hiyo anayetumia kibodi haoni amefika wapi. Kidoa cha mkusanyo nacho kimejazwa kwa background-color, ambayo Windows huibadilisha mtu anapowasha rangi za utofautishaji mkubwa, na hapo kilichochaguliwa hakitofautiani na kisichochaguliwa.

Anayetaka kubadili rangi peke yake hauhitaji mkusanyo huu. Accent-color, amri ya CSS ya kubadili rangi ya vitufe kama hivi, inayokubalika katika Chrome na Firefox tangu 2021 na katika Safari tangu 2022, itamtosha kwa mstari mmoja. Anayetaka sura mpya kabisa anaweza kuununua, ila aanze kwa kuifuta ile display: none.