Sketi ya kitenge yenye kipande cha juu cha kuvua: angalia mkanda kabla ya urembo

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nimewaletea ule mshono mnaoniuliza kila msimu wa harusi ukifika: sketi ya penseli ya kitenge, na juu yake kipande kipana kinachofungwa kiunoni. Unaingia nacho ukumbini, ukifika wakati wa kucheza unakivua unakiweka kitini. Nimekivaa hapa, nageuka mnione na nyuma. Kinapendeza, hilo halina ubishi. Ninachotaka kuchambua ni kama kinakaa, maana kwa mshono huu kukaa ndiyo kila kitu.

Nianze na sketi yenyewe, kwa sababu wengi tukienda kwa fundi tunamwonyesha picha ya urembo wa juu na sketi ya ndani tunamwachia aibuni. Kipande chote cha juu kinaning'inia kwenye mkanda wa hii sketi. Mkanda ukiwa umepwaya hata inchi moja, uzito unauvuta, sketi inashuka, na utakuwa unajipandisha ukumbini usiku mzima.

Kwa hiyo vipimo. Kiuno kipimwe pale kwenyewe, futi kamba iguse mwili bila kubana. Hipsi zipimwe pale zilipojaa zaidi, na kwa wengi wetu ni kama inchi 7 mpaka 9 chini ya kiuno. Mwambie fundi aandike na huo umbali, kwa sababu wawili wenye hipsi 42 hawajai mahali pamoja. Halafu kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawachukui: kaa kwenye kiti, upimwe hipsi ukiwa umekaa. Mwili unatanuka ukikaa, kitenge hakivutiki. Ukiacha nafasi ya inchi 2 juu ya kipimo cha kusimama, kwa kawaida unakaa vizuri bila mshono wa nyuma kuteseka. Na mpasuo wa nyuma usiwe wa mapambo tu, uache mguu upige hatua.

Sasa njooni karibu na kamera mwone huu mkanda. Ndani umebandikwa gamu, ile ya kugandisha kwa pasi, ndiyo maana haujikunji. Upana wake inchi moja na nusu. Kwenye mkanda wa sketi kuna vitanzi, na kwenye mkanda wa kipande cha juu kuna kulabu bapa za chuma kama zile za suruali: mbili pembeni kila upande, na mbili nyuma. Sita. Hapa fundi kafanya kazi ya maana sana, kwa sababu uzito umegawanyika. Nimeona nyingine zimewekewa kulabu mbele peke yake; nyuma kipande kinalala, kinaachia mkanda, na zipu inaonekana yote.

Tena angalia, kipande cha juu kina mkanda wake mwenyewe, na ni mrefu kuliko wa sketi. Lazima iwe hivyo, kwa sababu kinapita juu ya kitambaa kingine na juu ya gamu nyingine. Kiuno changu 30, huu wa juu ni 31. Ukimpa fundi kipimo kimoja kwa vyote viwili, cha juu kitakataa kufunga.

Wengine wanapenda ule utepe wa kunata, wa viatu vya watoto. Mimi siupendi kwa mshono huu. Unashika lesi na kuifumua nyuzi, unaongeza unene kiunoni, na ukiuvua kanisani, kwa mlio wake kila mtu anageuka. Vifungo vya kubonyeza navyo ni vizuri kwa neti nyepesi; kwa kitenge chenye bitana vinaachia.

Tuje kwenye kipande chenyewe. Hiki ni nusu duara, kimeacha mbele wazi. Hesabu yake fundi wako anaijua, lakini wewe ijue pia ili usinunue kitambaa pungufu. Mkanda wangu ni 31, ila kitambaa kinaanzia pembeni, kwa hiyo kinachoshikiwa ni inchi 25. Gawa kwa 3.14 unapata 8, hiyo ndiyo unayoanzia kukata duara la kiuno. Ongeza urefu wa 36 na pindo la inchi moja: 45. Vitenge vingi upana wake ni inchi 45 au 46, umeingia kwa kubana kabisa. Kwa urefu unahitaji mara mbili ya hiyo, inchi 90, yaani yadi mbili na nusu. Sketi ikila yadi 2, kwenye pisi ya yadi 6 unabaki na yadi moja na nusu ya blauzi. Ukitaka kipande kifike chini kabisa, upana hautoshi tena, na fundi ataunga. Mwambie mapema aunge nyuma.

Na sasa maua. Ukikata nusu duara, ua lililosimama katikati ya mgongo linalala ubavu ukifika mbele. Mimi nimechagua hiki chenye miduara, ukigeuze utakavyo ni kilekile. Kitenge cha ndege au cha vinyago nusu duara itakuangushia ndege wako.

Kitu kingine, kwa kuwa mbele kuko wazi, upande wa ndani unaonekana kila ukitembea. Kitenge cha waksi halisi, kile cha kuchapwa kwa nta, rangi inapenya pande zote mbili, kama vile vya Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa 1846. Hiki changu ni cha kuchapwa upande mmoja, nyuma kimefifia, kwa hiyo kimewekewa bitana ya satini. Bitana imeongeza uzito, na ndiyo maana nasisitiza kulabu sita. Kiloweke pia kabla hakijakatwa. Ule ugumu wa dukani unatoka na maji, na kipande kilichosimama vizuri siku ya kwanza kinalala baada ya kufuliwa. Ukitaka kisimame, weka neti ngumu kwenye pindo.

Kasoro ya hiki ni pindo hapa pembeni, mnaona? Limeshuka. Nusu duara ina sehemu zilizokatwa mshazari, na hizo hulegea zenyewe. Dawa yake ni kukitundika usiku mzima kabla ya kupinda, asubuhi ndiyo unasawazisha. Mafundi wana foleni, hatua hii inarukwa. Mimi kwa hili nampunguzia alama, kazi nyingine yote ni safi.

Kama una khanga nzuri, usiikate duara hata kidogo. Khanga moja ina kama sentimita 150, ambazo ni inchi 59. Kwenye zile inchi 25 za mkanda inakupa marinda ya kutosha. Toa pindo la juu tu. Pindo la chini linabaki na jina lake linasomeka, na mapindo mawili ya pembeni yanashuka sawasawa kwenye kingo za mbele. Ni nyepesi, haitaki bitana. Kwa pesa ya fundi, mimi ningeanza na hiyo.

Mkienda kwa fundi ombeni bei ya sketi peke yake na ya kipande peke yake, na mjaribu vyote viwili mkiwa mmekaa kabla hamjamaliza kulipa. Niandikieni kiuno na urefu mnaoutaka hapo chini, nitawapigia hesabu ya yadi.