Helmeti ya enduro kwa njia za Newala: ipi ununue, na mlimani utaibebaje

Nilikuwa napanda kwa baiskeli kutoka bonde la Ruvuma kwenda Newala mjini, jua la Novemba liko utosini, ndipo nikajua nilinunua helmeti kwa kuwaza mteremko nikasahau mlima. Ilikuwa ile ya kufunika uso mzima, iliyotengenezwa kwa watu wanaopandishwa juu kwa gari wakashuka tu, na uzito wake ulikuwa kilo moja na ushei. Kabla ya nusu ya njia nikaivua, nikaifunga kwenye begi mgongoni, nikaendelea kichwa wazi. Bibi mmoja aliyekuwa anateremka na dumu tupu la maji akanisimamisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho chungu unampelekea nani?"

Nikamwambia si chungu, ni kofia ya baiskeli, ya kukinga kichwa nikianguka. Akaniangalia kichwa, akaliangalia begi. "Kwani wewe huwa unaangukia mgongo?"

Sikuwa na jibu, na mwongozo huu umetokana na swali lake.

Enduro ni mbio za baiskeli za kushuka milima. Kinachopigiwa saa ni mteremko tu, lakini mlima wa kuufikia kila mteremko unaupanda mwenyewe kwa miguu yako. Ligi yake ya dunia ilianza 2013 kwa jina la Enduro World Series, na tangu 2023 imekuwa Kombe la Dunia chini ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani. Katika siku nzima ya mashindano, dakika zinazohesabiwa ni chache. Saa zilizobaki unapanda polepole, unatoka jasho. Na mashindano mengi yanataka helmeti iwe kichwani muda wote ukiwa juu ya baiskeli, hata mlimani ambako hakuna saa. Ukiifunga kwenye begi kama nilivyofanya mimi, unaweza kutolewa.

Kwetu mlima una tabia yake. Uwanda wa Makonde ukitokea pwani unainuka kidogo kidogo, huoni hata kama unapanda. Ukifika Newala unakatika ghafla. Aliyesimama pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, anajua. Kwa hiyo ukitaka mteremko wa maana unashuka ukingo wa uwanda, na ukishashuka huna njia nyingine ya kurudi isipokuwa kuukwea uleule. Watu wa Lindi wenye njia za Kitulo, na wale wanaofika hadi Rondo, hesabu yao ni hiyo hiyo. Ndiyo maana orodha yangu haifanani na ya mtu anayeishi kwenye milima ya baridi.

Kabla ya kuangalia rangi, geuza helmeti usome lebo ya ndani. EN 1078 ni kipimo cha Ulaya cha baiskeli za kawaida: helmeti inaangushwa kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi. Kipimo cha CPSC cha Marekani kinaiangusha kutoka mita 2. ASTM F1952, nacho cha Marekani, ndicho cha wanaoshuka milima. Mapigo yake ni makali zaidi, na hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini: EN 1078 haipimi kikingio cha kidevu. Unaweza kununua helmeti ya uso mzima inayotisha kwa sura, yenye lebo ya EN 1078 peke yake, na ule upinde wa mbele usiwe umewahi kugongwa na mtu yeyote kwenye maabara. Kama unanunua helmeti yenye kikingio cha kidevu, tafuta F1952.

Utaona pia alama ndogo ya njano ya MIPS. Ni utando mwembamba ndani ya helmeti, unaoliacha ganda liteleze milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa pale unapogonga kwa ubavu. Ulibuniwa Sweden, kati ya daktari wa upasuaji wa ubongo na watafiti wa chuo cha ufundi cha Stockholm, kwa sababu ubongo huumia vibaya kwa kuzungushwa, na barabarani au porini ni nadra mtu kuanguka wima kama nazi. Mimi ninaulipia.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni helmeti yenye kikingio cha kidevu cha kutoa, ambacho kuanzia hapa nakiita kidevu tu. Mlimani unachomoa kidevu, unapanda na helmeti ya kawaida yenye matundu. Juu unakirudisha, unashuka uso ukiwa umekingwa. Kichwa hakibaki wazi hata dakika moja, na unachobeba ni kile kipande cha mbele tu, ambacho uzito wake hauzidi chupa ya maji ya kati. Bell Super DH, Giro Switchblade na MET Parachute MCR zote ziko kundi hili na zina F1952. Leatt za Enduro nazo ziko kundi hili, ila soma lebo kwanza. Bell Super 3R inafanana nazo, ni nyepesi na ya bei nafuu kidogo, lakini haina kipimo hicho. Muuzaji asikuambie ni ileile. Bei za kundi hili Marekani ni kati ya dola 200 na 400, kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Helmeti za aina hii zina kasoro moja ambayo huku kwetu ni kubwa: mchanga. Zile ndoano za kushikia kidevu zikiingiwa na vumbi la njia ya Tandahimba zinadanganya. Unasikia "ta" upande wa kulia, upande wa kushoto kimya, wewe unashuka. Sasa hivi nina mswaki wa zamani ndani ya begi. Nasugua ndoano kabla ya kufunga, nasikiliza milio yote, halafu nashika kidevu kwa mkono mzima nakivuta kama nang'oa jino. Kikikubali kutoka, nafunga upya.

Namba mbili ni uso mzima nyepesi, kama Fox Proframe au Troy Lee Designs Stage. Hizi zina uzito wa gramu 700 na kitu, na kidevu chake kina matundu makubwa kiasi kwamba upepo unapita. Hakuna ndoano, hakuna cha kusahau nyumbani. Kwa mtu anayeendesha asubuhi mapema, saa 12 mpaka saa 3, ningeiweka ya kwanza. Ila saa 6 mchana kwenye ule ukingo, ukiwa unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakuna upepo wa kuingia kwenye tundu lolote. Utaivua. Na ukiivua umerudi kwa bibi.

Ya tatu ni nusu helmeti, isiyo na kidevu, iliyoshuka vizuri kisogoni na kwenye mapanja ya uso, gramu 350 hadi 400, yenye MIPS. Ukiwa na dola 100 hivi nunua hii nzuri, acha uso mzima wa bei hiyo hiyo usio na lebo ya kueleweka. Kwa njia zetu nyingi za mchanga na mizizi ya mikorosho inatosha. Haitoshi Masasi, kwenye yale mawe makubwa, kwa sababu pale ukianguka unaanguka mbele, na meno hayana povu gumu kama lile la ndani ya helmeti.

Namba nne, uso mzima nzito ya kushukia, kama niliyoanza nayo. Kinga yake haina ubishi. Ila itabidi ununue na nusu helmeti ya kupandia, ubebe hiki chungu mgongoni, na ufanye hivyo kila wikiendi.

Ya bodaboda siiweki kwenye orodha. Wengi wananiuliza, maana ipo nyumbani tayari. Ina kilo moja na nusu, haina hewa, na povu lake ni gumu kwa sababu limekusudiwa mapigo ya pikipiki. Iache ifanye kazi yake.

Mtumba je? Niliwahi kununua mmoja Dar, safi kwa nje, unang'aa. Nilipofika nyumbani nikabandua sponji za ndani ili nizifue, nikakuta povu jeupe lina ufa kuanzia kisogoni hadi juu ya sikio, na mtu alikuwa ameupaka gundi. Povu la helmeti hizi hufanya kazi mara moja tu: linabonyea ili wewe usibonyee, na halirudi. Siku hizi sinunui mpaka muuzaji aniruhusu nibandue sponji palepale. Akikataa namshukuru naondoka. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, ipo kwenye kibandiko cha ndani.

Kipimo cha kichwa mwombe fundi cherehani akupime kwa futi yake ya kitambaa, kidole kimoja au viwili juu ya nyusi, aizungushe mpaka kisogoni. Anayevaa ushungi apimwe akiwa nao, ule mwembamba wa kuvalia chini ya helmeti, na aliyesuka apimwe akiwa amesuka. Ukishaivaa, kabla ya kufunga kamba, tikisa kichwa. Ikicheza ni kubwa. Uso mzima lazima ibane mashavu mpaka ujisikie umevimba. Ikiwa ya starehe dukani, baada ya mwezi wa jasho italegea.

Kuhusu kubeba, kidevu nakifunga nje ya begi, mikanda miwili ikipita katikati yake, upande wa ndani ukiangalia mgongo. Usikining'inize kwenye usukani: kinagonga goti, na kwenye kona kinavuta tairi la mbele. Ukiegesha baiskeli chini ya mkorosho, angalia kilicho juu yako. Maji ya mabibo yakidondokea kwenye sponji hayatoki, utavaa doa hilo miaka yote. Cha hatari zaidi ni petroli. Tuna mazoea ya kubeba petroli ya boda kwenye chupa ya maji, na chupa hiyo ikivuja karibu na helmeti, povu linayeyuka kwa ndani huku ganda likibaki zima kama halijaguswa. Sponji zifue kwa sabuni ya kipande, anika kivulini.

Kwenye basi kutoka Dar, usikubali iingie kwenye buti. Huko chini kuna magunia, na anayepanga mizigo haulizi cha nani ni kipi. Mimi naviringisha khanga mbili naingiza ndani ili ganda lisiminywe, naipakata. Safari ya mwisho, tulipofika Nangurukuru, mama wa siti ya pembeni aliomba aishike yeye ili mimi niteremke. Niliporudi khanga zangu zilikuwa mapajani mwake zimekunjwa vizuri, na ndani ya helmeti kulikuwa na pakiti sita za korosho alizonunua dirishani. "Usiogope baba," akasema, "nimeona ina godoro."