Kuogelea na kasa Unguja: nyota 2 kati ya 5

Wengi mtataka kujua hili kwanza: ndiyo, kasa wapo, ni wengi, wengine wakubwa kweli, na unaingia nao majini. Bwawa liko kaskazini mwa Unguja, ni shimo la mwamba wa matumbawe ambamo maji huingia na kutoka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Nilikwenda na watoto wa dada yangu. Jina la mahali silitaji. Mabwawa ya namna hii yako zaidi ya moja kisiwani, na sina ugomvi na mlango mmoja.

Kwa upande wa huduma sina neno. Mkaazi analipa kiasi chake, mgeni chake. Kutazama kuna bei yake, kuingia majini kuna bei yake, na ya pili ni kubwa zaidi. Unapewa miwani ya kuzamia na jaketi la kuokolea, vyoo ni visafi, wahudumu wana maneno mazuri na watoto.

Ukishuka ngazi unakabidhiwa fungu la mwani. Kasa wanakuja mbio, wanapandana, wanagombania, na ole wa kidole kinachochelewa kuachia. Watoto walipiga kelele za furaha mpaka sauti zikakauka. Mimi nilifurahi nao kwa muda, kisha macho yakaanza kunionyesha mengine. Watu bwawani walikuwa wengi kuliko kasa. Kila mmoja kajipaka losheni ya jua, na mafuta yake yalikuwa yakimeremeta juu ya maji. Bwana mmoja alimshika kasa ukingo wa gamba la nyuma ili akokotwe apigwe picha. Gamba lile lina mishipa ya fahamu chini yake, mnyama anahisi. Kasa akiwa baharini hula nyasi za chini, na akilala anaweza kukaa saa kadhaa bila kuja juu kuvuta pumzi. Hawa vichwa vilikuwa juu muda wote, kwa kuwa chakula ndiko kinakotoka.

Halafu nikaona ng'amba. Unamjua kwa mdomo uliochongoka na magamba yaliyopandana mgongoni. Huyu ni katika kasa walio hatarini zaidi kutoweka duniani, aliwindwa karne nyingi kwa ajili ya gamba lake, na chakula chake kikubwa ni sifongo zinazoota kwenye matumbawe. Naye alikuwa akirushiwa mwani.

Nikamuuliza kijana aliyetuongoza, yule kasa mkubwa kuliko wote yupo hapo tangu lini.

"Huyo, mama? Mimi nimeajiriwa nimemkuta."

Alijibu bila kuficha, na kwa hilo namheshimu. Ila pale mlangoni kuna kibao kinachosema wanyama wanatunzwa kisha wanarudishwa baharini. Nikauliza tena: anarudi lini? Akacheka kidogo, akasema hayo yanajulikana na wakubwa. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kufikia umri wa kuzaa, na jike hurudi kutaga pwani ya upande ule alikoanguliwa. Kisiwa cha Mnemba, ambako kasa hutaga, hakiko mbali na hapo. Jike aliyefungiwa bwawani hana pwani ya kutagia.

Niwe mkweli kwa upande wao pia. Walichotueleza ni kwamba kasa hawa walinasa kwenye nyavu, wavuvi wakawaleta, wakapewa kifuta jasho badala ya kuwachinja. Hili si porojo. Nyama ya kasa bado inaliwa ingawa sheria inakataza, na wakati mwingine inaua: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Kwa hiyo kama pesa ya tiketi yangu inamfanya mvuvi aweke kisu chini, hiyo ni pesa iliyofanya kazi. Nusura niondoke nimeridhika.

Kilichonikwamisha ni Watamu. Kule pwani ya Kenya lipo shirika la Local Ocean Conservation, nalo linawapa wavuvi fidia ndogo kwa kasa aliyenasa. Mvuvi anapiga simu, watu wanakwenda, kasa anapimwa, anawekewa alama, anarudishwa majini. Anayebaki ni mgonjwa au aliyejeruhiwa, na huyo anakwenda kwenye kituo cha matibabu mpaka apone. Mgeni unaweza kutembelea, unalipa kiingilio, unaelezwa. Kuogelea nao hakuna. Mvuvi wa Watamu na mvuvi wa Unguja wote wamepata chao. Tofauti ni kwamba kasa mzima wa Watamu yuko baharini, na wa Unguja yuko bwawani akisubiri mwani, kwa sababu mimi na watoto wa dada yangu tumelipa tumguse. Na kadiri tunavyokuwa wengi, ndivyo bwawa linavyohitaji kasa wengine.

Mhudumu alitutoa wasiwasi kwamba "hawana neno, wameshazoea." Hilo ndilo baya lenyewe. Kasa aliyezoea kulishwa na watu, siku akiachiwa ataifuata boti akidhani inakuja na chakula, na boti ina panga la injini, au ina mtu mwenye njaa.

Nyota ya kwanza ni ya wahudumu. Ya pili ni ya ile fidia ya wavuvi, ambayo sitaki ife. Tatu zilizobaki nitazitoa kasa wazima wakiachiwa na kuogelea kukifutwa.

Ukiamua kwenda, lipa ya kutazama tu. Hakuna atakayekulazimisha kuingia majini. Nenda asubuhi kabla ya mabasi ya mahoteli, ndipo wahudumu wana nafasi ya kuzungumza. Omba uonyeshwe daftari la kasa walioachiwa, tarehe na alama zao. Mimi niliomba, nikaambiwa mwenye ufunguo wa kabati hajafika.