Brashi yangu ya kwanza ya hewa, na tone lililoharibu joho

Nimeahirisha kuandika haya mara kadhaa nikisema hasira itulie kwanza. Haijatulia. Kama unapaka rangi sanamu ndogo na unatafuta brashi ya hewa ya kwanza, ile kalamu inayopuliza rangi kwa hewa, usinunue seti inayokuja na kompresa (mashine ya kushindilia hewa) ndogo isiyo na tangi. Usiinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Nilikuwa na mpiganaji mmoja, hazidi kidole gumba kwa urefu, amevaa joho refu linalopepea mgongoni. Jioni nne nilikuwa kwenye lile joho tu. Nilianza na zambarau nzito kwenye mikunjo, nikaipandisha pole pole, tabaka jembamba juu ya jingine, hadi ikakaribia waridi pale kwenye kingo zinazopigwa na mwanga. Kwa brashi ya manyoya sijawahi kupata rangi zikayeyukiana namna ile, huoni moja ilipoishia wala nyingine ilipoanzia. Nilibakiza pindo. Nikabonyeza, nikavuta kidole nyuma kidogo, rangi ikatoka vizuri, halafu brashi ikakohoa. Mara moja tu. Tone la maji likatua katikati ya mgongo, likaisukuma rangi mbichi pembeni, likaacha duara lililopauka lenye mkia ulioteremka hadi visiginoni. Nikajaribu kulinyonya kwa ncha ya karatasi laini, nikabandua na tabaka la chini yake.

Lilikotoka tone hilo nalijua sasa. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na unyevu uliomo husafiri nayo ukiwa mvuke. Kompresa ikiwa na tangi, hewa hukaa humo ikapoa, maji yakatuama chini, nawe ukayafungulia koki yakatoka. Yangu haikuwa na tangi. Ilisukuma hewa moja kwa moja kwenye mpira unaoipeleka kwenye brashi, ikanguruma muda wote ninaopaka, na baada ya nusu saa huwezi kuiwekea kiganja. Hewa ile ya moto ikaenda kupoa ndani ya mpira, ikielekea mkononi mwangu. Kichujio cha maji kilikuwepo, ila kilifungwa pale pale kwenye kompresa, mahali ambapo maji bado ni mvuke. Kingechuja nini?

Nikampigia aliyeniuzia. Sikutaka ugomvi. Nilitaka aniambie kama anacho kile kichujio kidogo kinachofungwa chini ya brashi yenyewe, mwisho wa mpira. Hakuniacha nimalize.

"Dada, mashine ni nzima. Mkono ndio bado."

Nikamweleza kuhusu maji. Akacheka kidogo, akasema, "Dada yangu, hivi vitu vinataka uzoefu. Ungeanza na makopo ya kupuliza." Akakata simu. Na ni yeye huyo huyo aliyeniapia siku nanunua kwamba tangi ni mbwembwe za watu wenye karakana, kwamba kwa sanamu ndogo halina kazi yoyote. Nimepaka sanamu kwa mkono miaka mingi. Natia mboni kwenye jicho la farasi asiyefika kiganjani. Nimwambie nini mtu ambaye hata hakuuliza nilichokuwa napaka?

Lakini haki yake brashi yenyewe niitoe, sina kesi nayo. Kibonyezo ni kimoja na kazi ni mbili: ukikibonyeza inatoka hewa, ukikivuta nyuma inatoka rangi. Kikombe kiko juu, kwa hiyo matone machache yanatosha, humwagi rangi bure. Sindano ni ya milimita 0.3, na kwa anayeanza nashauri abaki hapo hapo. Ya 0.2 inavutia kwa vistari vya unywele, ila rangi za akriliki zinaikaukia nchani na kuiziba mara kwa mara. Siku ya kwanza nilipiga praima, rangi ya kutangulia nyingine, kikosi kizima kabla chai haijapoa, na minyororo ya vizibao vyao ikabaki inaonekana pete kwa pete. Nilizimua rangi hadi ikawa kama maziwa, nikaweka geji ya shinikizo la hewa kwenye PSI 20 hivi, nikafurahi kama mtoto.

Kwa hiyo labda nilikuwa mkali mno hapo juu. Ukiwa unapiga rangi ya msingi tu, dakika kumi unazima, unaiacha ipoe, seti ile itakufaa. Nyota tatu ingestahili.

Hapana. Nimerudia kusoma nilichoandika na nakikataa. Tone lile halikuwa la kwanza kunitia shaka. Bila tangi la kuituliza, hewa inafika kwa mapigo, na mstari mwembamba unatoka na vifundo kama kamba. Niliviona vifundo hivyo tangu wiki ya kwanza na nikajilaumu mimi. Majuma mazima nilichora mistari kwenye karatasi usiku, nikitafuta kosa kwenye kidole changu. Anayeanza hawezi kutofautisha kosa lake na kosa la chombo, na hapo ndipo kompresa hii inapomwumiza. Maneno ya yule muuzaji yaliniuma kwa sababu kwa muda niliyaamini. Nikafikia kuifunga brashi kwenye sanduku lake.

Rafiki yangu ndiye aliyeniazima kompresa yake, yenye tangi la lita tatu. Brashi ile ile, rangi ile ile, mkono ule ule. Mota ikajaza tangi ikanyamaza, na nilishtuka kusikia kimya. Mstari ukatoka mmoja, mwembamba, bila kifundo. Nikapaka alasiri nzima, sikuona tone hata moja. Joho nilikuwa nimeshalisugua na kulianza upya, na safari hii nilifika kwenye pindo.

Nyota moja, basi, na hiyo ni ya brashi. Inunue peke yake, halafu kompresa subiri mpaka upate yenye tangi, hata kama ni kusubiri miezi. Na usikaze pua ya brashi kwa nguvu unapoirudisha baada ya kusafisha, nyuzi zake za skrubu ni nyembamba mno na zikikatika humo ndani umepoteza brashi.

Kabla ya kurudisha ile kompresa nilifungua koki chini ya tangi nikiwa nimekinga kikombe. Hewa ikafoka, kisha yakatoka maji, kama kijiko kimoja cha chai. Nikapiga picha nikamtumia muuzaji bila maneno yoyote. Ameiona. Hajajibu.